Ni Kinanda au ni Kanda? Uhakiki wa Istilahi za Vinanda vya Kidijiti na Programu Zinazovifuatisha

1. Utangulizi

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba istilahi ikikosewa anayeumia ni mfasiri peke yake: atachekwa na wenzake, orodha itasahihishwa, na kazi itaendelea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo. Istilahi ikishatoka ofisini huingia katika barua, fomu na risiti za watu, na huko ndiko inakochangia kuamua nani apewe na nani anyimwe. Mfano nitakaoutumia ni wa ala za muziki, jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya istilahi za sheria au za tiba. Namwomba msomaji avumilie, kwani udogo wa mfano haupunguzi ukubwa wa kosa.

Masagati ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro. Anayetoka Ifakara hulifuata bonde la Kilombero hadi Mlimba, inakopita reli ya TAZARA, na akifika hapo bado safari haijaisha. Bonde hili ni la mpunga, na unyevu uleule unaoustawisha mpunga ni adui wa kila kifaa cha umeme. Nilikuwa huko kwa shughuli ya kifamilia. Kwaya moja ya vijana ilikuwa na kinanda cha kidijiti cha miaka ya 1980, walichokirithi kutoka kwa waimbaji waliowatangulia, nacho kilikuwa kimekwisha kunyamaza. Kijana mmoja alikuwa ameleta kompyuta ya mtumba yenye programu ya kutoa sauti za vinanda vya miaka ile, akaiunganisha na kibodi ndogo isiyo na sauti yake yenyewe.

Baada ya wimbo wa kwanza, mzee mmoja wa kanisa alimwita mwalimu wa kwaya akamwuliza, "Mwalimu, hicho ni kinanda au ni kanda?" Vijana wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, wala hakuwa na jibu la kumtosha. Akasema, "Ni kinanda, mzee wangu, ila ni cha bandia."

Jibu hilo halikuishia kanisani. Kwaya ilipomwandikia mhisani mmoja kuomba kompyuta nyingine na vipaza sauti, katika orodha ya mali iliyokwisha kuwa nayo iliandika "vinanda bandia vinne", ikimaanisha programu nne. Barua ilirudi na maelezo mafupi kwamba mhisani huyo hashirikiani na watumiaji wa bidhaa bandia. Programu zenyewe zilikuwa halali, tena zinatolewa bure na waliozitunga. Vijana hawakuiba kitu. Walichokosa ni neno.

Nilipoonyeshwa barua ile niliona haya, kwa sababu neno "bandia" nimewahi kulikuta katika rasimu ya istilahi niliyoshiriki kuiandaa, likiwa limependekezwa kwa maana hiyohiyo, nami nikalipitisha bila kulihoji. Basi uhakiki huu unaanza na mhakiki mwenyewe.

2. Neno "bandia" na mahali linapotupeleka

Bandia kwa asili ni mwanasesere, mtoto wa kuchezea. Kutokana na hapo lugha ikapata meno ya bandia, mguu wa bandia na nywele za bandia. Katika matumizi haya neno halina ubaya wowote: mwenye meno ya bandia hamdanganyi mtu, anatafuna tu. Lakini liko tawi la pili. Noti bandia, dawa bandia, mbegu bandia na vipuri bandia ni vitu vilivyotengenezwa kwa nia ya kumdanganya mnunuzi. Katika ofisi zetu tawi hili ndilo lenye nguvu. Tume ya Ushindani inapotangaza kwamba imekamata bidhaa bandia, hakuna mwananchi anayefikiri habari za meno.

Mtumishi wa umma, basi, akikutana na "kinanda bandia" katika barua, atalisoma kwa miwani ya kazi yake. Hatujui kama aliyeandika alikusudia tawi la kwanza au la pili, naye hana wajibu wa kubahatisha. Istilahi inayomlazimisha msomaji kuibashiri nia ya mwandishi ni istilahi iliyoshindwa kazi yake ya kwanza.

Tumeliona jambo la jinsi hii katika mjadala wa akili bandia, akili mnemba na akili unde. Waliolikwepa neno bandia katika mjadala ule walikuwa na hoja, kwani walihofu kwamba kitu kilichoundwa kwa uwazi kitahesabiwa pamoja na vitu vya udanganyifu. Hofu hiyohiyo inatuhusu hapa, na barua ya Masagati ni ushahidi wake.

3. Swali la mzee lachunguzwa

Kabla ya kutafuta neno jingine yatupasa kukijua kitu chenyewe. Mzee wa Masagati aliuliza swali la kitaalamu, ingawa vijana walilicheka. Kanda hutunza sauti iliyokwisha kutokea, na kazi yake ni kuirudia. Kinanda huizaa sauti pale mpigaji anapokigusa. Je, programu ile iko upande gani?

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mtunzi wa muziki John Chowning aligundua kwamba wimbi moja la sauti likitumiwa kuyayumbisha masafa ya wimbi jingine kwa kasi kubwa, huzaliwa sauti mpya yenye utajiri ambao mawimbi hayo mawili hayakuwa nao. Kanuni ni ileile ya redio za FM, ila hapa imetumiwa ndani ya sauti zinazosikika kwa sikio. Chuo kilipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1977, na kampuni ya Yamaha ya Japani ilipewa leseni ya kuutumia. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda kiitwacho DX7, na sauti zake, hasa ile ya piano ya umeme na ile ya kengele, zikaenea katika muziki wa dunia nzima wa miaka ile.

Ndani ya DX7 hamkuwa na sauti iliyorekodiwa hata moja. Mlikuwa na vizalishi sita vya mawimbi ambavyo mafundi huviita opereta, mipangilio 32 ya namna ya kuviunganisha, na chipu iliyofanya hesabu upesi kiasi cha kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja. Ilichokihifadhi mashine ni maagizo: opereta gani imyumbishe nani, kwa nguvu kiasi gani, na kwa muda gani. Maagizo ya sauti 32 yakipakiwa pamoja hujaza baiti 4,096, yaani baiti 128 kwa kila sauti. Sauti nzima ya kengele inaelezwa kwa nafasi ambayo haitoshi kuandikia aya hii moja ya makala haya. Linganisha na kurekodi: sekunde moja ya sauti yenye ubora wa sidii, kwa mkondo mmoja tu, huhitaji baiti 88,200. Tofauti ya kinanda na kanda, ukitaka kuipima kwa mizani, ni hiyo.

Sasa programu. Iliyo mashuhuri miongoni mwa zile za bure ni Dexed. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na huyapokea maagizo yaleyale ya baiti 4,096 yaliyoandikwa kwa ajili ya DX7, kisha huifanya hesabu ileile ndani ya kompyuta. Tena humpa mtumiaji hiari. Upo utaratibu unaofanya hesabu kwa usahihi wa kisasa, na upo mwingine unaofuata hata mipaka ya chipu ya zamani, ili ukwaruzo wa mashine ya 1983 usikike kama ulivyokuwa. Hapa hamna kanda. Opereta ni sita, mipangilio ni 32, na sauti huzaliwa pale kidole kinapogusa. Kwa programu ya namna hii mzee angejibiwa bila kusita: ni kinanda.

Lakini vinanda vyote vya kidijiti vya zamani havikuwa vya namna moja. Roland D-50 ya mwaka 1987 ilichukua mwanzo mfupi wa sauti iliyorekodiwa, ikauunganisha na mwendelezo uliozalishwa na mashine. Korg M1 ya mwaka 1988 ilijengwa juu ya sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa na kutiwa katika kumbukumbu yake. Hivi navyo vina programu zinazovirejesha, zilizotolewa na kampuni zilezile. Kumrejesha M1 katika kompyuta hakuwezekani kwa hesabu peke yake; lazima vipande vile navyo viwepo. Na kipande cha sauti ni rekodi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 rekodi ina ulinzi wake, na maswali yanayoihusu si yale yanayoihusu kanuni ya hesabu. Mzee, basi, angeuliza habari za M1, angejibiwa kwamba ni kinanda kilichobeba vipande vya kanda tumboni mwake.

Neno "bandia" linazifunika tofauti zote hizi kwa blanketi moja.

4. Maneno mengine yaliyopendekezwa

Neno la pili linalosikika ni "kuiga", na kutokana nalo "mwigo" na "kinanda cha kuiga". Ni afadhali kuliko bandia, kwani halimtuhumu mtu. Hata hivyo halitoshi. Anayeiga hutazama matokeo. Kasuku huiga sauti ya mtu bila kuwa na koo la mtu, na mchekeshaji humwiga mzee bila kuzeeka. Programu inayotumia rekodi za kinanda ili isikike kama kinanda hicho yaweza kuitwa ya kuiga, na hapo neno limepata haki yake. Lakini programu inayofanya hesabu ya DX7 hatua kwa hatua haikuanzia kwenye matokeo. Imeanzia kwenye njia, na matokeo yamekuja yenyewe.

Neno la tatu ni "pepe". Wapo wanaosema "kinanda pepe" kwa kufuata mfano wa barua pepe. Barua pepe iliitwa hivyo kwa sababu inapeperuka, inasafiri. Kompyuta ya Masagati haikuwa imeunganishwa na mtandao siku ile, wala haikuhitaji kuunganishwa. Tukilitumia pepe kwa kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta, tutakuwa tumelichosha neno zuri bila faida.

Neno la nne ni kutohoa na kusema "emulesheni". Sina uadui na maneno ya kutohoa. Tulipobuni tarakilishi na ngamizi, watu walisikiliza kwa adabu kisha wakaendelea kusema kompyuta, na leo hata sisi tunaandika kompyuta bila kuona haya. Ila kompyuta ni kitu: mtu akikiona mara moja amekielewa. Emulesheni ni uhusiano baina ya vitu viwili, na uhusiano hauonekani kwa macho. Neno geni lisilo na mzizi katika lugha yetu haliwezi kumwonyesha mwalimu wa kwaya uhusiano huo, naye atarudi kwenye "bandia".

Napendekeza kitenzi "kufuatisha". Mtoto wa darasa la kwanza hufuatisha herufi alizoandikiwa na mwalimu: penseli yake hupita palepale ilipopita chaki, na herufi inayotokea ni herufi kweli, inasomeka, wala hakuna aiitaye bandia. Mwimbaji hufuatisha sauti ya mwalimu wake, noti kwa noti. Katika kufuatisha mna mambo mawili ambayo kuiga hakuyalazimishi: uaminifu kwa njia, na uwazi kwamba yuko aliyetangulia. Programu itaitwa "kifuatishi", kazi yake itaitwa "ufuatishaji", na tutaweza kusema kwamba Dexed ni kifuatishi cha DX7. Mwanasheria, mwalimu na mhisani watasoma kitu kimoja.

5. Kinanda, kisanisi, na ukongwe wa kidijiti

Yamebaki maswali mawili. La kwanza: je, programu isiyo na mbao wala nyuzi yaweza kuitwa kinanda? Historia ya neno yenyewe inajibu. Katika upwa wa Waswahili kinanda kilikuwa ala ya nyuzi ya kupigwa kwa vidole. Baadaye neno likaipokea harmoniamu ya kanisani, likaipokea piano, na watu wakasema pia kinanda cha santuri. Vinanda vya umeme vilipoingia katika taarabu ya kisasa, iliyovuma kuanzia miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre, hakuna aliyesita kuviita vinanda. Neno hili halikufungwa katika umbo la ala. Limefuata kazi yake. Lililovuka kutoka gambusi hadi harmoniamu halishindwi kuvuka hadi kompyuta.

Pale inapotakiwa kutaja jamii nzima ya ala zinazoziunda sauti kwa umeme, zenye kibodi na zisizo nayo, walimu wa sayansi wametutangulia. Wanafundisha usanisinuru kila mwaka, na wanafunzi wao wanajua kwamba kusanisi ni kuunda kitu kutokana na viungo vyake. "Kisanisi sauti" ni neno linaloeleweka kwa aliyefundishwa usanisinuru, na linamtenganisha msanisi wa sauti na mrekodi wa sauti, tofauti ambayo mzee aliitaka.

Swali la pili ni gumu zaidi. Wenye fani husema habari za vinanda vya kidijiti vya kale, na mtumiaji wa kawaida wa Kiswahili husikia kinyume cha mambo. Mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, maneno analojia na dijitali yaliingia mitaani siku ileile yakiwa na maana mpya. Mtu wa analojia ni aliyepitwa na wakati. Mtu wa dijitali ni wa kisasa. Lugha ya mitaani haina kosa, kwani ndivyo ilivyoonyeshwa. Lakini sasa msomaji akiambiwa "dijitali ya kale" hudhani mwandishi amekosea.

Hatuwezi kuifuta maana ya mitaani, wala si kazi yetu. Tunaweza tu kuandika kwa namna itakayoizuia isipotoshe. Kwanza, tushike "kidijiti" kwa maana ya kitaalamu, yaani kinachofanya kazi kwa tarakimu, na tuiachie mitaa "dijitali" yake. Pili, badala ya "kale", linalomfanya msomaji afikirie makumbusho, tutumie "kongwe". Tunazo bendi kongwe, mathalani Msondo Ngoma iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na anayeiita kongwe hasemi kwamba imekufa. Anasema kwamba imeishi. "Kinanda kikongwe cha kidijiti" hakipingani na chochote.

6. Pingamizi

Msomaji makini atauliza: je, kufuatisha si kudai makubwa mno? Kifuatishi hakina spika zilezile, wala nyaya zilezile, na wapigaji wenye masikio makali husema kwamba mashine yenyewe ina uhai ambao programu haina. Nakubali. DX7 iligeuza tarakimu kuwa umeme kwa mtambo wa biti 12, na mtambo huo ulikuwa na kasoro zake zilizokuwa sehemu ya sauti. Lakini pingamizi hili halilipigi neno; linaliimarisha. Mtoto anayefuatisha herufi hutofautiana na mwalimu wake mahali fulani, nasi husema kwamba amefuatisha vizuri au vibaya. Kufuatisha kuna kipimo ndani yake. Bandia haina kipimo.

Mwingine atasema kwamba haya ni mambo ya wapenzi wachache wa vyombo vya kizamani. La hasha. Sauti za vinanda vile zimo katika kanda za kwaya na za taarabu za watu wetu. Kanda zinatunza nyimbo, ila hazitunzi ala. DX7 iliyaweka maagizo yake katika kumbukumbu iliyotegemea betri ndogo ya ndani, na betri ikiisha maagizo hupotea. Siku ala ya mwisho ya aina fulani itakaponyamaza, kitakachomwezesha kijana wa Masagati kuupiga upya wimbo wa babu yake kwa sauti iliyokusudiwa ni kifuatishi. Kukiita bandia ni kuutupa urithi huo katika pipa la noti za kughushi.

7. Mapendekezo

Nayaleta maneno yafuatayo mbele ya wasomaji, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa: "kisanisi sauti" kwa ala yoyote inayounda sauti kwa umeme, "kinanda kikongwe cha kidijiti" kwa ala za kidijiti za miaka ya 1980 na za baadaye kidogo, "kifuatishi" na "ufuatishaji" kwa programu inayorudia hesabu na njia ya ala nyingine, "kinanda cha sampuli" kwa kile kinachotumia vipande vilivyorekodiwa, na "bandia" libakie kwa kitu kinachouzwa kwa jina lisilo lake.

Vijana wa kwaya waliiandika upya barua yao. Mahali pa "vinanda bandia vinne" waliandika "programu nne halali zinazofuatisha vinanda vya zamani, zilizopatikana bila malipo". Sentensi imekuwa ndefu, kwa sababu istilahi bado haijakubaliwa. Huo ndio mzigo tunaowatwisha watu tunapochelewa. Mwalimu wa kwaya, kwa upande wake, alimrudia mzee akamweleza kwamba kile ni kinanda, kinapigwa hesabu ndani ya kompyuta kama kilivyopigwa hesabu kile cha kwanza. Mzee akamjibu, "Basi ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu."

Aliye na neno bora kuliko kifuatishi, na alilete.